Namna ya kutafuta kikao cha walioacha pombe karibu nawe: mwongozo kamili, kuanzia simu ya kwanza hadi kikao cha sita

Mwaka mzima nilikuwa nikishuka daladala mbele ya kanisa moja hapa Dar es Salaam kila Jumanne jioni, mkononi nimeshika chupa ya maji ambayo ndani yake hamkuwa na maji. Ukumbi wa nyuma wa kanisa lile ulikuwa na taa, na watu kama kumi hivi waliketi kwa duara. Nikadhani ni kwaya, au kikundi cha vikoba. Siku nilipoingia mlango ule ndipo nikajua kwamba wale walikuwa watu walioacha pombe, na kwamba Jumanne zote zile nilizopita palikuwa na kiti kitupu.

Mwongozo huu ni kwa anayepita nje kama nilivyokuwa napita mimi. Vikao hivi havina bango. Aliyekuwa mlevi ana kazi, ana wakwe, ana watoto shuleni, na kikundi kimemwahidi kwamba jina lake halitatoka nje ya chumba. Kwa hiyo watu wengi hudhani kikundi chenyewe ni siri, au ni kitu cha Wazungu kisichofika kwetu. Kinachofichwa ni majina tu. Mlango haufichwi, ila unaupata kwa kuuliza watu, na kuuliza ndiko kunakotushinda. Sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu namna ya kuuliza.

KABLA YA KIKAO: USIIKATE POMBE GHAFLA UKIWA PEKE YAKO

Naanza na hili kwa sababu nimeshuhudia mtu akianguka degedege siku ya pili tangu aache, na nyumbani kwake walikuwa wanasherehekea kwamba hatimaye ameamua.

Kama ukiamka mikono inatetemeka, na ni lazima uzimue kwanza ndipo uweze kushika kikombe cha chai bila kumwaga, mwili wako umeshaizoea pombe kiasi kwamba kuikatisha ghafla kunaweza kukuua. Arosto ya pombe, yaani mwili kuidai pombe uliyoizoea, si kama ya sigara. Huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho: jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, usingizi kupaa. Degedege, ikija, huja zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wapo wanaochanganyikiwa kabisa, wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu wasiokuwepo, homa inapanda. Hapo ndipo familia nyingi husema karogwa au kapandwa na mashetani, akapelekwa kwa mganga au kwenye maombi, na muda wa kumwokoa ukapotea. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali usiku huohuo. Kumwombea mtamwombea akiwa kitandani huko.

Kwa hiyo kama unakunywa kila siku, hatua ya kwanza ni daktari, na kikao kinafuata au vinakwenda pamoja. Si lazima upate bingwa wa afya ya akili. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kukuanzishia dawa za kutuliza mwili zinazopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1, ambayo mlevi wa muda mrefu huwa amepungukiwa. Usizinunue mwenyewe dawa hizo za kutuliza na kuzinywa juu ya pombe, maana mchanganyiko huo unaweza kusimamisha pumzi.

Ukifika, sema ukweli kwa vipimo. Wahudumu wengi wanatumia dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, lenye maswali 10. Alama 8 na kuendelea zinaonyesha unywaji wenye madhara, na 20 na kuendelea zinaashiria kwamba huenda umeshakuwa tegemezi. Pale wanapouliza “vinywaji vingapi”, usihesabu chupa. Kinywaji kimoja kwa hesabu yao ni gramu 10 za kilevi halisi, na bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20. Bia nne ni vinywaji nane. Kama ni gongo, chang’aa au pombe nyingine ya kienyeji ambayo nguvu yake haijaandikwa popote, taja ukubwa wa glasi au kikombe na umekunywa mara ngapi. Taja pia kama umewahi kupata degedege ulipojaribu kuacha, na saa uliyokunywa mara ya mwisho.

Mimi mara ya kwanza nilipokwenda, mhudumu wa mapokezi aliniuliza kwa sauti mbele ya foleni, “Kwa hiyo dada tatizo lako ni ulevi?” Niligeuka nikarudi nyumbani, na ikanichukua miezi mitatu kurudi. Likikupata hilo, nenda kituo kingine kesho yake. Usimpe mtu wa mapokezi miezi mitatu ya maisha yako.

UNATAFUTA KIKUNDI CHA AINA GANI?

Kinachojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, ambacho kila mtu hukiita AA. Sharti la kuingia ni moja: uwe unataka kuacha pombe. Hakuna fomu, hakuna ada, hakuna kitambulisho. Wanafuata hatua 12 za kupona, zinazomtaja Mungu “kama kila mmoja anavyomwelewa”, kwa hiyo utakuta Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wamekaa safu moja.

Kuna NA, yaani Narcotics Anonymous, ndugu yake AA, kilichoanza kwa ajili ya dawa za kulevya. Kwao pombe nayo ni kilevi kama vingine, na mlevi wa pombe anapokelewa. Hili nalisisitiza kwa watu wa pwani. Zanzibar na Mombasa, ambako heroini imeumiza vijana wengi, huenda ukakipata kikao cha NA kabla ya cha AA. Ingia. Usijiambie kwamba wewe si teja wa unga. Watakayokueleza humo kuhusu kudanganya nyumbani na kuuza vitu vya ndani utayatambua neno kwa neno.

Kisha kuna vikundi vya hospitali, vinavyoongozwa na muuguzi au mshauri nasaha, na vikundi vya nyumba za upataji nafuu, zile ambazo wenyewe wanaziita soba hausi. Nyingi za nyumba hizo hufanya vikao vyenye mlango wazi kwa watu wa nje, na wengi hawajui hilo: unaweza kuhudhuria kikao bila kulazwa wala kulipia kitanda. Yapo pia makundi ya makanisani na misikitini. Kwa Mwislamu, aibu huwa mara mbili, maana kukiri kwamba unakunywa ni kukiri haramu mbele ya watu, na wengi hufa nayo kimya. Kwa Waislamu wenzangu wanaoishi Marekani, mjue kuna Millati Islami, kikundi kilichoanza Baltimore mwaka 1989, kinachofuata hatua 12 kwa misingi ya Uislamu.

Ukiniuliza kama vikao vinasaidia kweli au ni kupiga soga tu, mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walijumlisha tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Kati ya watu 100 waliopitia tiba ya kuwaunganisha na AA, takriban 42 walikuwa hawajagusa pombe mwaka mmoja baadaye, dhidi ya 35 waliopata tiba nyingine. Tofauti hiyo si muujiza. Ni watu saba katika kila mia, na kikao ni bure.

SIMU YA KWANZA

AA yenyewe ilizaliwa kwa mtu kupiga simu akiulizia. Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikwama mjini Akron, Ohio, baada ya dili lake kuharibika. Alisimama kwenye ukumbi wa hoteli. Upande mmoja baa inapiga kelele, upande mwingine kuna simu na orodha ya makanisa ya mji. Akaenda kwenye simu. Mchungaji aliyempata akampa majina ya watu wa kuwapigia, na mwishowe akafikishwa kwa mama mmoja aliyemkutanisha na Dk. Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Daktari alikubali kukaa dakika 15 tu. Wakaongea saa kadhaa hadi usiku. Siku ambayo Dk. Bob alikunywa mara ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo AA wanayohesabu kuwa siku yao ya kuzaliwa.

Zingatia kwamba Bill hakuwa na anwani wala hakujua anamtafuta nani. Alimuuliza mtu ambaye kazi yake ni kujua watu. Nawe fanya hivyo, kwa mpangilio huu ambao ndio ulionifaa mimi.

Anza na namba za msaada. Kenya, piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na mihadarati. Inapokelewa usiku na mchana, na pombe ni kazi yao rasmi. Tanzania, 119 ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kazi yao kuu ni dawa za kulevya, lakini ndio wanaozisimamia nyumba za upataji nafuu, kwa hiyo waulize swali moja tu: “Mkoani kwangu soba hausi ziko wapi?” Ukishapata moja, umepata watu wanaojua vikao vyote vya mji ule.

Kisha kitengo cha afya ya akili cha hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Dar ni Muhimbili, Dodoma ni Mirembe, Zanzibar ni Kidongo Chekundu, Nairobi ni Mathari, Kampala ni Butabika. Najua majina haya yanatisha. Mirembe kwetu ni neno la kutukania watu. Lakini huendi kulazwa, unakwenda kuuliza. Usimuulize daktari mwenye foleni ya watu arobaini. Muulize muuguzi au ofisa ustawi wa jamii, maana ndio wanaowaaga wagonjwa wanaporuhusiwa na kuwaelekeza pa kwenda.

Tatu, intaneti. Tovuti ya aa.org ina ukurasa wa kutafuta AA kwa nchi. Usikate tamaa ukikuta mji wako haumo, kwani vikundi vingi vidogo vya kwetu havijawahi kujiandikisha popote. Ukikuta namba moja tu ya nchi nzima, ipigie hiyohiyo, hata kama ni ya jiji lililo mbali nawe.

Mwisho, watu wa dini. Padri, mchungaji, au imamu anayekaa na vijana. Muulize kwa njia ya pembeni kama unaona haya: “Baba, kuna ndugu yangu anasumbuliwa na pombe, unafahamu kikundi chochote kinachokutana hapa mjini?” Huo si uongo wa kukutia hatiani. Wengi tuliingilia mlango wa “ndugu yangu”.

Kuwa tayari kupiga simu tano. Ya kwanza haitapokelewa, ya pili itakuwa imezimwa, ya tatu atakwambia kikundi kilihama. Hapo ndipo sauti ya ndani inasema, “Si unaona? Hakuna kitu,” na miguu inaelekea grosari kunywa. Jiandikie namba zote tano kabla hujaanza, na zipige asubuhi, kabla hujanywa, kama mwili unaruhusu.

NAMNA YA KUZUNGUMZA, NA CHA KUULIZA

Huna haja ya kueleza maisha yako. Sema, “Habari za asubuhi. Natafuta kikao cha watu wanaoacha pombe. Naomba kujua mnakutana wapi na lini.” Basi. Wakikuuliza jina, toa la kwanza, au lolote. Jua tu kwamba simu za siku hizi zina programu zinazoonyesha jina la mpigaji, na ukituma pesa kwa simu jina lako kamili linatokea. Kama hilo linakuogopesha, tumia laini ya mtu unayemwamini.

Uliza mambo haya. Je, kikao ni cha wazi au cha wanachama tu? Cha wazi kinapokea hata ndugu na mtu anayetaka kuangalia kwanza. Cha wanachama ni kwa mwenye tatizo la pombe tu, na wewe unayetaka kuacha umeshaingia humo. Wanatumia lugha gani? Nairobi na Dar kuna vikao vya Kiingereza vyenye wageni wengi, na kuna vya Kiswahili, na mtu hulia vizuri kwa lugha yake. Kuna wanawake? Kuna mlango gani wa kuingilia, maana ukumbi wa kanisa unaweza kuwa na mikutano mitatu kwa wakati mmoja?

Na muda. Nakuomba usilipuuze hili. Ukiandikiwa “saa 12”, uliza ni saa 12 jioni yetu au ni 12:00 ya saa za Kizungu, yaani saa 6 mchana. Namjua kijana aliyefika mchana wa saa 6, akakuta kufuli, akaenda kunywa. Kikao kilianza jioni ileile na yeye alikuwa ameshalala kwenye benchi la kilabu. Rudia muda kwa maneno: “Kwa hiyo Jumanne, saa 12 jioni, jua likizama.” Mpigie tena siku yenyewe kuhakikisha.

Mwisho uliza kama kuna mtu anayeweza kukupokea nje. Vikundi vingi vitakubali, na mtu huyo akisimama getini akakwambia karibu, umeshavuka sehemu ngumu kuliko zote.

JIONI YA KWANZA

Panga njia isiyopita kwenye baa yako. Ni jambo dogo lakini limewarudisha wengi. Kama daladala inashushia mbele ya grosari ambako wanakufahamu kwa jina, panda bodaboda siku hiyo. Beba nauli ya kwenda na kurudi tu, nyingine iache nyumbani. Kula kabla hujatoka, kwa sababu njaa na kiu ya pombe huja zimeshikana mikono. Kama mji wako ni mdogo na unaogopa kuonana na jirani, nenda kikao cha upande mwingine wa mji. Mimi nilipanda daladala mbili kwenda kikao cha mbali, ingawa kulikuwa na kingine ambacho ningeweza kukifikia kwa miguu karibu na kwangu. Na ukimkuta jirani humo ndani, fikiri: naye amekwenda kwa ajili hiyohiyo.

Je, kama umeshakunywa? Nenda hivyohivyo. Sharti ni kutaka kuacha, si kuwa umeshaacha. Watakuomba tu usizungumze siku hiyo, ukae usikilize.

Ndani utakuta viti vya plastiki kwa duara au safu, chai, pengine mihogo au maandazi. Mtu mmoja anafungua kwa kusoma maelezo mafupi, kuna dakika ya kimya au sala ya utulivu, kisha mmoja mmoja anazungumza. Kawaida huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Mtu husema, “Naitwa fulani, mimi ni mlevi,” hata kama ana miaka 20 hajaonja. Mara ya kwanza neno hilo lilinichoma, kwa maana kwetu mlevi ni tusi la kuzomea mtu mtaani. Mle ndani linasemwa kama mtu anavyosema mimi nina kisukari. Zamu yako ikifika unaweza kusema, “Leo nasikiliza tu.” Hakuna atakayekulazimisha. Hakuna anayemkatiza mwenzake wala anayemjibu. Hilo litakushangaza kama umezoea vikao vya ukoo, ambako mlevi huwekwa katikati na kila shangazi anatoa lake.

Kikapu kitapita. Kila kikundi cha AA kinajitegemea kwa michango ya wanachama wake, ya kodi ya ukumbi na majani ya chai. Mgeni anaruhusiwa kukipitisha bila kuweka kitu. Mwishoni wataomba kwamba uliyemwona na ulichosikia ukiache pale. Ukitoka bila namba ya simu ya mtu mmoja, umeondoka mapema. Mwanamke achukue ya mwanamke, mwanamume ya mwanamume.

KIKUNDI CHA KUKIMBIA

Vipo, na nisiposema nitakuwa nimekutuma gizani. Ondoka ukiona mtu anadai ada ya kujiunga au anauza dawa ya siri ya kumaliza ulevi kwa siku tatu. Ondoka ukiambiwa uache dawa za daktari, ziwe za kifafa, za msongo wa mawazo au za VVU. Ondoka wakipiga picha au kurekodi ushuhuda wako waupeleke mtandaoni. Nyumba yoyote inayofunga watu minyororo au kuwachapa si kituo cha nafuu, ikiwa na kibali au haina.

Kwa dada zangu: mwanamume mwenye miaka mingi bila pombe anayekupa lifti wiki yako ya kwanza na kukwambia wewe ni wa pekee, huyo hakusaidii. Mwambie mwanamke mwenye muda mrefu kwenye kikundi. Kama hakuna mwanamke hata mmoja, kaa karibu na mlango, ondoka na watu wengi, na endelea kuulizia kikao cha wanawake, hata cha mtandaoni.

KAMA WILAYANI KWAKO HAKUNA KITU

Hii ndiyo hali ya wengi wetu. Vikundi vimejaa mijini, na pombe iko kila kijiji. Tanzania ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko, Machi 2017, tuliokuwa tunavibeba kwenye pochi tulihamia chupa na pombe ya kienyeji kama mbege, na hakuna kikundi kilichotufuata huko tulikokwenda.

Njia ya kwanza ni simu. Tovuti ya aa-intergroup.org ina orodha ya vikao vya mtandaoni usiku na mchana, vingi kwa Kiingereza. Angalia saa. Kikao cha mchana wa saa 6 huko New York kwetu ni saa 2 usiku wakati wa baridi yao, na saa 1 usiku wakati wa kiangazi chao. Kabla hujaingia Zoom, badilisha jina, kwa sababu simu huweka lile ulilojiandikishia, mara nyingi majina yote mawili. Zima video, utaokoa bando na uso wako. Vaa spika za masikioni kama nyumba ni ya kupanga na ukuta ni wa bati.

Njia ya pili ni kuanzisha. Haihitaji kibali cha AA wala cheti cha ushauri nasaha. Wawili wanaotaka kuacha wakikutana siku ileile, saa ileile, mahali palepale, kila wiki, hicho ni kikundi. Omba darasa la shule ya msingi baada ya masomo, au ukumbi wa zahanati, na mweleze mwenyekiti wa mtaa ili asidhani ni mkutano wa siasa. Mwambie muuguzi wa zahanati siku na saa. Yeye ndiye bango lako. Kisha kaa, hata ukiwa peke yako wiki nne mfululizo. Siku wasiyokukuta, watasema kikundi kilikufa.

Na kama wewe si mlevi bali ni mke, mama au mtoto wa mlevi, tafuta Al-Anon, kikundi cha ndugu kilichoanzishwa mwaka 1951. Vikao vyake ni vichache kwetu, lakini vipo mtandaoni. Usisubiri mpaka yeye akubali kwenda kwake. Mama yangu alianza kabla yangu. Aliacha kunilipia madeni ya baa na kunisingizia malaria kazini, na miezi michache baadaye mimi ndiye niliyeomba namba ya simu.

VIKAO SITA KABLA YA KUAMUA

Usikihukumu kikundi kwa siku moja. Huenda siku hiyo aliyezungumza ni mzee wa hadithi ndefu, au kulikuwa na watu watatu tu na mvua. Hudhuria sita, ikiwezekana katika vikundi viwili tofauti, ndipo useme hakikufai. Wanaoweza huambiwa waende vikao 90 kwa siku 90. Penye kikao kimoja kwa wiki hilo haliwezekani, kwa hiyo zilizobaki zijaze kwa mtandao au kwa simu ya dakika tano kwa mwenzako kila jioni.

Ukifika cha nne au cha tano, mtazame mtu ambaye ungetaka kuishi anavyoishi, umwombe awe sponsa wako, yaani anayekupitisha hatua kwa hatua na kupokea simu yako usiku wa manane. Anaweza kukataa kwa kuwa ana wengine. Muulize wa pili.

Ukiteleza katikati, rudi kikao kinachofuata, useme. Mimi niliteleza baada ya kikao cha tatu, kwenye msiba wa baba mdogo. Nilirudi Jumanne ile nikiwa na harufu bado, na mzee mmoja akasogeza mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pembeni akasema, “Keti mwanangu, chai ipo.” Hakuuliza kitu.

Kuanzia cha sita, omba kazi. Kupanga viti, kuosha vikombe, kufungua mlango. Mwenye kazi anafika hata siku asiyotaka kufika. Mimi nilipewa ufunguo, na Jumanne nafika saa 11 jioni, nawasha taa ya nje, ile inayoonekana kutoka kituoni.